Mfenesi na Ardhi Isiyo Yake

Mfenesi hauzai kama mwembe. Hautundiki matunda kwenye ncha za matawi, bali huyabeba kwenye shina lenyewe na matawi manene, maana tunda moja laweza kupita kilo 30, na hakuna kitawi cha kulihimili. Asili yake ni misitu ya mvua ya kusini-magharibi mwa India. Huku Kisauni na Likoni husimama uani, baina ya minazi.

Safari hiyo imo katika neno lenyewe. Wamarathi na Wagujarati husema phanas. Mswahili akalipokea akatamka fenesi, akalitia katika ngeli ya LI-YA, na mti wake katika U-I, kana kwamba ulizaliwa hapa. Waganda nao husema ffene. Unguja kuna mahali paitwapo Mfenesini, na mgeni hapewi jina la mtaa asipokuwa amekwisha kuwa mwenyeji. (Nduguye, mshelisheli, hata leo hutajwa kwa visiwa vya watu.)

Lugha iliupa mti uenyeji. Sheria haikuwa karimu hivyo kwa waliouotesha. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye kudai ardhi ya Pwani wajitokeze kuthibitisha madai yao. Wengi hawakufanya hivyo, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Ndipo Mombasa bara ikajaa watu wenye nyumba na miti lakini wasio na ardhi: mti ni wako, udongo ulioshika mizizi yake ni wa mwingine. Hali hiyo haijaisha.

Ajuza mmoja wa Kisauni aliyajua hayo pasi na kuyasoma. Shamba lilipopata mnunuzi, kijana mwenye daftari alitumwa kuhesabu miti ili ilipiwe fidia.

"Shikamoo, bibi. Minazi ni mingapi?"

"Marahaba. Sita. Na huo mfenesi aliupanda mamangu. Mwanangu, kivuli nacho wakihesabu?"

Kijana akainama, akaandika: mfenesi 1. Alipotaka kuondoka akazuiwa. Fenesi moja lilikuwa limeiva, harufu imeenea ua mzima, na kisu kilikwisha pakwa mafuta, kwani utomvu wake hunata kama ulimbo. Akaweka daftari chini, akakinga mikono naye apakwe.