MO na MU

Mwaka tuliomaliza masomo ya ualimu, jirani yetu hapa Wamaza, mama mjane, alituomba tumfundishe kusoma. Mwanawe alikuwa akimwandikia kutoka Lubumbashi, naye alikuwa amechoka kusomewa siri za nyumba yake na watu wengine. Tulikubali papo hapo. Tukaanza na vokali, tukaingia MA, ME, MI. Kisha mpunga ukaiva, tukamwambia: «Mama, tutaendelea baada ya mavuno.»

Mavuno yakapita, na mengine, na mengine tena. Hatukurudi. Tukawa tunazunguka nyuma ya kanisa ili tusipite mbele ya mlango wake, ingawa njia ile ni ndefu na ina matope tele wakati wa mvua.

Mwaka 1927, mjini Berlin, Bluma Zeigarnik alionyesha kwamba watu waliokatizwa kazi waliikumbuka kuliko ile waliyoimaliza. Naye L. Ron Hubbard, Mmarekani aliyeanzisha Scientology, katika kitabu chake cha mwaka 1956 juu ya matatizo ya kazi, alieleza kwamba kulitawala tendo ni kulianzisha, kulibadilisha na kulisimamisha. Mafundisho yake huonya pia kwamba tendo lisilokamilika huendelea kumshika mtu mawazo. Hatuifuati dini hiyo wala hatuwaiti muifuate. Ila katika onyo hilo tulijitambua: lile tope nyuma ya kanisa tulilikanyaga kwa sababu ya silabi mbili.

Tunapoachana naye ni hapa. Hesabu ile humtazama mtendaji: aanze, abadilishe, asimamishe. Sisi tulikuwa tumekwisha kusimamisha. Aliyebaki katikati ni mama. Kijana wa Mathayo 21 aliyeitikia kwamba atakwenda shambani, kisha asiende, labda hakuwa na nia ya kudanganya. Ndiyo yake ilikuwa tamu kinywani, kama yetu ilivyokuwa siku ile.

Tulirudi kwake tukiwa na mvi. Tulikuwa tumeandaa maneno marefu ya kuomba radhi, na tunakiri kwamba mengi yake yalikuwa ya kujitetea: vita, watoto, mishahara isiyofika. Hakutungoja tuyamalize.

«Mwalimu,» akasema, «tuliishia MI.»

Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Kitabu hakingemfaa tena. Barua alikuwa nazo zote, zimefungwa katika kitambaa. Tulimwuliza kama tumsomee. Akakataa, akamtuma mjukuu wake jikoni alete ubao na kipande cha kaa. Akatuomba tuandike herufi kubwa, kubwa kama kiganja, naye akasogea karibu mpaka pua yake ikakaribia kugusa ubao.

Tukaandika MO.

Akaisoma. Akafuta kwa mkono, akaturudishia kaa, akasema: «Na ile nyingine.»