Uwanja wa Amaan na Binti wa Chwaka

Sisi watu wa Chwaka mpira tumejifunza kwa ruhusa ya bahari. Maji yakitoka, pwani huwa mchanga mtupu, na vijana husimamisha vijiti viwili vikawa goli. Maji yakijaa, mchezo umekwisha, hata kama ni wewe uliyefungwa. Kwa hiyo Uwanja wa Amaan ulioko mjini, kilomita 32 hivi kutoka kwetu, tuliuona kuwa ajabu: kiwanja kisichomezwa na maji!

Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1970, enzi ya Mzee Abeid Amani Karume, kwa msaada wa China. Huenda wewe unaujua kwa mpira tu. Lakini ndipo ilipozaliwa CCM tarehe 5 Februari 1977, TANU na ASP zilipoungana. Na ndipo zinapofanyika mara nyingi sherehe za Mapinduzi za 12 Januari, zenye gwaride na halaiki ya watoto wa skuli.

Hiyo halaiki ndiyo iliyozusha mabishano nyumbani kwetu. Miaka ya 1990 dada yangu mkubwa alichaguliwa, na mazoezi yalikuwa ya wiki nyingi. Marehemu baba akakataa katakata: mtoto wa kike haendi kurukaruka mbele ya kadamnasi. Bibi, aliyekuwa akisuka ukili, hakuinua hata uso. Alisema, “Mwanangu, ikiwa serikali nzima itakaa imtazame, wewe ni nani wa kumficha?”

Dada akaenda. Siku ya siku nilimtafuta katika lile kundi la watoto nisimwone. Mama alishikilia kuwa amemwona, nami sikuthubutu kumbishia. Alilolipata pale halikuisha na sherehe. Hata leo akiwapanga wanawake wenziwe wakati wa kupima mwani, sauti ni ile ile ya mwalimu wa halaiki.

Tangu wakati huo Amaan imebadilika sana. Baada ya matengenezo makubwa ilifunguliwa tena Desemba 2023. Tarehe 25 Mei 2025 Simba ilitoka sare ya 1-1 na RS Berkane ya Morocco katika mchezo wa marudiano wa fainali ya Kombe la Shirikisho, kombe likaenda Morocco kwa jumla ya mabao 3-1. Agosti mwaka huo zikaja mechi za CHAN.

Sasa binti wa dada huyo huyo anasoma chuo kikuu huko Tunguu, na anataka kucheza mpira wa miguu. Nani amemkataza? Mama yake! Ati halaiki ilikuwa kazi ya skuli, mpira ni mambo ya wanaume. Nilimkumbusha kuwa Unguja ina wanawake wachezaji tangu zamani. Filamu ya Zanzibar Soccer Queens ya mwaka 2007 iliwaonyesha Women Fighters wakipambana na maneno kama hayo hayo. Hakujibu. Nikamkumbusha ya bibi. Hapo alinitazama kwa muda mrefu.

Hoja yake moja naikubali: mazoezi ni jioni, na gari za shamba hazimngoji mtu. Hilo tunalitafutia njia, huenda binti akalala kwa shangazi yake mjini siku za mazoezi. Juzi dada ameniuliza, kwa sauti ya chini, kama wachezaji wanaruhusiwa kuvaa suruali ya kubana chini ya bukta na kufunika kichwa. Nimemwambia wanaruhusiwa.