Macho ya Wavu

Mvuvi achaguaye wavu hufikiri kwanza samaki amtakaye. Macho makubwa huwaacha dagaa wapite; macho madogo mno huielemea mikono ya wavutaji. Mimi nami, katika kazi yangu ya kukadiria kwa kompyuta namna feleji inavyostahimili kugongwa, hutanda wavu: huigawa feleji katika vipande vingi, kila kipande kikatoa hesabu yake. Njia hii ilipewa jina lake na Mmarekani, Ray Clough, mwaka 1960.

Vipande viwe na ukubwa gani? Swali hili ni jepesi kuulizwa, zito kujibiwa. Kipande kikubwa huficha mkunjo. Lakini udogo nao una gharama. Kishindo hupita ndani ya feleji kwa mwendo wa mita 5,000 hivi kwa sekunde, na katika hesabu za kawaida za mgongano hatua moja ya wakati haifai kuzidi muda wa kishindo kuvuka kipande kidogo kuliko vyote. Sharti la namna hii lilibainishwa na Courant, Friedrichs na Lewy mwaka 1928. Nikipunguza vipande kwa nusu, pande zote tatu, idadi yao huwa mara 8, hatua za wakati mara 2, na kazi mara 16.

Desturi njema ni kupunguza na kulinganisha mpaka majibu yatulie. Kwa feleji ipindayo tu, desturi hii hutosha. Kwa feleji ichanikayo haitoshi: mnyumbuko hukusanyika katika safu moja nyembamba ya vipande, na kila vinapopunguzwa ufa huja mapema zaidi. Kwa hiyo kiasi cha mnyumbuko kiletacho ufa hakina budi kufungamanishwa na ukubwa wa kipande, kwa kujaribu chuma chenyewe.

Hapa ndipo elimu inapokutana na uaminifu. Atakaye jibu fulani aweza kulivua: macho yakikuzwa kidogo, kizuizi cha barabarani husimama imara, yakipunguzwa, huchanika. Picha zote mbili hupendeza machoni. Lakini dereva atakayekigonga kizuizi hicho usiku hatakuta picha. Atakuta chuma, na nyuma ya chuma, bonde. Ndiyo maana nashika kanuni hii: ukubwa wa kipande uchaguliwe kabla jibu halijajulikana, na uandikwe wazi kando ya jibu, ili msomaji apime wavu kabla ya kusifu samaki.