Desemba Haimo Kwenye Jedwali

Kuchagua nchi ya kwenda likizo na watoto wadogo ni kazi ya hesabu. Dada yangu anaishi Hamburg na ana mabinti wawili, mmoja wa miaka sita, mwingine wa mitatu. Aliponiomba nimsaidie kupanga safari ya Desemba 2024, nilimchorea jedwali. Ukishasoma shahada ya uzamili, kila swali la familia unaligeuza jedwali.

Maeneo yalikuwa matatu: Mallorca, Dubai na nyumbani Tarime. Nyumbani palishindwa karibu kila kipengele. Mallorca ni ndege moja, saa chache tu. Tarime ni ndege hadi Nairobi, kisha kutwa nzima barabarani kupitia Narok na Kisii mpaka Isebania, uvuke Sirari. Kuna malaria, na dawa ya kinga ya mtoto hupimwa kwa uzito wake. Kuna cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayeingia akitokea Kenya. Hata Serengeti, ambayo kwetu ni jirani, ina hesabu yake: getini dada angelipa kiingilio cha Mtanzania, na binti yake mkubwa, mwenye pasipoti ya Ujerumani, angetozwa kama mgeni.

Tarime ilikuwa na sifa moja tu ambayo Mallorca haina. Bibi yao yuko huko, na hajawahi kuwabeba.

Lakini kuna safu ambayo si mimi wala dada aliyetaka kuiandika. Kwetu Ukuryani, Desemba ndiyo msimu wa tohara, na katika koo nyingi msimu huja miaka inayogawanyika kwa mbili. Wavulana hutahiriwa. Wasichana hukeketwa, ingawa tangu 1998 sheria inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Msimu ukifika, vituo vya Masanga, Tarime, na Mugumu, Serengeti, hupokea mamia ya wasichana waliokimbia makwao.

Mimi na dada hatukukimbilia kituoni. Kila msimu ulipokaribia, baba alitupeleka Musoma kwa shangazi, shule zikifungwa tu. Tuliambiwa ni likizo. Tuliogelea ziwani, tukala sato, tukarudi Januari. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipotambua kwamba likizo zetu zilikuwa zinaruka mwaka mmoja mmoja. Baba sasa ni marehemu. Mama hakuwahi kupinga safari zile, na hakuwahi kuziunga mkono. Alitufungashia nguo tu.

Kwa hiyo swali la dada halikuwa ndege wala mbu. Hakuwa na hofu kwamba mama angewadhuru wajukuu. Alichotaka kujua ni kama mama angesimama mlangoni siku shangazi na majirani wangekuja kuuliza wasichana hawa wa Ulaya watakuwa lini watu wazima.

Ujerumani, tangu 2021, serikali hutoa barua ya ulinzi ambayo familia husafiri nayo. Inaeleza kwamba ukeketaji ni kosa la jinai kule hata ukifanyika nje ya nchi, na kwamba mzazi aweza kufungwa na kupoteza kibali cha kuishi. Ni karatasi ya kuwaonyesha ndugu, ili mzazi asiwe na haja ya kubishana. Dada aliichukua. Aliniambia aliona aibu kuikunja ndani ya pasipoti za watoto, kana kwamba anakwenda kwa maadui.

Mama alipopigiwa simu kuhusu Desemba, alinyamaza kidogo. “Desemba kuna mvua,” akasema. “Barabara itawatesa watoto. Njooni Julai. Na nyumbu wanakuwa huku kwetu, upande wa Mto Mara.”

Ni kweli, Desemba kuna mvua. Ni kweli pia kwamba Julai makundi ya nyumbu huwa yanafika kaskazini mwa hifadhi. Katika miaka yangu yote sijawahi kumsikia mama akiahirisha jambo kwa ajili ya mvua.

Tiketi zikakatwa za Julai. Dada akamweleza kuhusu barua, akamtafsiria sentensi moja moja kwa Kikurya. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama anaweza kuletewa nakala mbili. Moja ya kwake, na moja ya jirani yetu, ambaye ana wajukuu wanne wa kike na hakuna hata mmoja anayeishi Ulaya.