Kufunga Lenzi, Kuuliza Jina

Anayekusanya majina ya nyota anahitaji vitu viwili: mzee anayeyajua na anga la usiku. Kashebere, pale Masisi inapopakana na Walikale, wazee wapo na anga lipo. Shida ni kuvikutanisha. Tangu mauaji ya soko la Ntoto mwaka 1993, vita vimekuwa vikienda na kurudi upande ule, na usiku si wakati wa kuketi nje ukionyesha mbingu kwa kidole. Ndiyo maana mimi, mwanafunzi wa lugha za Kiafrika, nimejifunza kufunga lenzi na darubini juu ya stendi: anga lipigwe picha usiku, maswali yaulizwe mchana.

Neno nililolifuata ni kilimia. Waswahili huliita hivyo lile kundi dogo la nyota zilizosongamana. Wazulu na Waxhosa husema isilimela, Wasotho husema selemela. Mzizi wake ni uleule wa kulima, na kuenea kwake kunaonyesha ukongwe wake. Nilitaka kusikia Wanyanga na Wahunde wa Kashebere wanasemaje, na kama jina lao linataja kundi lote au nyota mojawapo. Wanyanga ndio wenye utendi wa Mwindo, uliorekodiwa mwaka 1956 kutoka kwa Candi Rureke, kisha ukachapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu aliyekuwa Mnyanga mwenyewe. Humo Nkuba, bwana wa radi, anampandisha Mwindo mbinguni, naye anakutana na Mwezi, Jua na Nyota. Watu waliosimulia hivyo hawakukosa maneno ya anga.

Kwa nini nisichukue picha za vitabuni? Kwa sababu nyingi zinaonyesha anga kama linavyoonekana Ulaya. Humo lile kundi lenye nyota tatu za mshipi husimama wima kama mtu. Kashebere iko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta. Huko kundi hilo huchomoza limelala ubavu, na zile nyota tatu hupanda zikifuatana kama watu kwenye ngazi. Mzee anayelijua anga lake hana sababu ya kulitambua likiwa limegeuzwa. Picha lazima ipigwe palepale, na ukingo wake wa chini uwe sambamba na upeo wa mashariki. Hapo pete inayoshika lenzi ina maana kubwa: ukilegeza skrubu yake, kamera nzima inazunguka ndani ya pete hadi ikae sawa na upeo, bila kuacha kuelekea nyota ileile.

Kwa lenzi fupi kazi ni nyepesi. Wapiga picha hugawa 500 kwa urefu wa fokasi ili kupata sekunde ambazo nyota bado itaonekana kama nukta. Lenzi ya milimita 50 inakupa sekunde 10. Lakini kilimia kina upana wa digrii 2 hivi tu, na ili nyota zake zitengane vizuri nilihitaji milimita 200. Hapo unabaki na sekunde mbili na nusu, tena kwa kamera yenye kihisi kikubwa. Yenye kihisi kidogo hupata pungufu ya hapo. Anga huzunguka digrii 15 kwa saa. Basi unahitaji kitako chenye mota kinacholifuata, na juu yake darubini ndogo inayoikodolea macho nyota moja na kukisahihisha kitako kila kinapoteleza.

Kwenye ikweta kitako chenyewe kina ukaidi wake. Mhimili wake lazima uelekee ncha ya anga, na ncha hiyo kwetu iko karibu chini kabisa, nyuma ya milima; ile nyota ya kaskazini inayowaongoza Wazungu iko chini ya upeo. Vitako vingi havikutengenezwa vilale hivyo, kwa hiyo nilifupisha mguu mmoja wa stendi. Kisha unaitazama nyota iliyo juu ya kichwa: ikipotelea kaskazini au kusini, unageuza kitako kushoto au kulia. Unaitazama nyingine iliyo chini mashariki: ikipotea, unainua au kushusha mhimili. Unarudia mpaka zitulie.

Adui wa mwisho ni kulegea. Darubini ndogo inaweza kuiona nyota yake imetulia tuli huku picha ikitoka na michirizi, kwa sababu lenzi nzito inainama taratibu kwa uzito wake. Dawa ni kuishika lenzi yenyewe kwa pete ya chuma, isining'inie kwenye kamera, na kuifunga pamoja na darubini juu ya bamba moja, ili zikiinama ziiname pamoja.

Bomba juu ya miguu mitatu, gizani, katika nchi yenye vita, linaweza kudhaniwa kitu kingine. Nilimweleza shefu wa kijiji mchana, nikawaonyesha majirani kila kipande na kuwaacha wachungulie, nikafanya kazi ndani ya ua wa shangazi yangu. Milio ya risasi iliposikika kwa mbali usiku wa pili, shangazi alisema neno moja, "Ingiya," na kazi ikaisha hapo. Picha tisa zilikuwa zimepatikana.

Asubuhi nilimpelekea koko mmoja jirani. Aliishika picha bila kuigeuza. "Mutoto yangu," akasema, "hizi ndizo tulikuwa tunaangalia asubuyi mapema, mbele ya kupanda." Kisha akalitaja jina kwa Kinyanga, akazungusha kidole kundi lote, na akaniambia wajukuu zake hawalijui, maana walikulia kambini ambako hakuna shamba la kupanda. Sitaliandika jina hilo hapa mpaka nimsikie mzee wa pili na wa tatu. Wawili kati ya wale niliokuwa nimewaorodhesha wamehama, na bado nawatafuta.

Wenzangu darasani huniuliza ile darubini ndogo niiite nini kwa Kiswahili. Nasema darubini ya kuongozea. Kuongoza kumetokana na kuongoa, yaani kunyoosha kilichopinda, na kazi yake ni hiyo hasa. Kiambishi cha kutendea nimekiweka makusudi: darubini haiongozi kwa nafsi yake, ni sisi tunaoongozea. Orodha yangu ya majina ya vipande sasa ina maneno 23. Orodha ya majina ya nyota ina moja.