Picha ya Awasse Isiyokuwa Awasse



Leo tunaeleza kosa letu wenyewe. Tulipotaka kuomba mchango wa mabati ya madrasa hapa Awasse, hatukuwa na picha. Albamu zetu zilibaki nyumbani tulipokimbilia Mueda mwaka 2020, na madrasa yenyewe imebaki kuta mbili. Kijana wetu mmoja akanunua picha katika soko la mtandaoni: mama mwenye ushungi, watoto wawili, moshi, na msikiti nyuma yao. Ilitutoa machozi. Tukaitoa na maneno "Awasse baada ya vita".

Bibi mmoja wa mtaani ndiye aliyeigundua. Akaisogeza simu machoni, akauliza, "Wanangu, mbona huyu mtoto ana vidole sita?" Tukahesabu, kweli sita. Maandishi juu ya mlango wa msikiti yalifanana na Kiarabu, lakini mwalimu wetu hakupata hata herufi moja kamili. Na nyumba zote zina vigae! Nani ana vigae hapa?

Tuliporudi sokoni tukakuta imeandikwa, kwa herufi ndogo, kwamba picha imetengenezwa na akili mnemba. Hatukusoma.

Masoko haya hayafanani. Getty Images ilizikataa picha za namna hii Septemba 2022. Adobe Stock ilizikubali Desemba mwaka huohuo, kwa sharti muuzaji aseme zimetengenezwa vipi. Lakini mnunuzi akishaichukua picha, maelezo hubaki dukani. Mwaka 2023 picha za kubuni za vita vya Ghaza zilizouzwa Adobe Stock zilionekana katika tovuti kadhaa bila maelezo yoyote. Mkaguzi wa mbali anaweza kuhesabu vidole (huyu wetu hakuhesabu), ila mambo ya vigae atayajulia wapi?

Wala si mashine peke yake. Mwaka 2014 picha halisi za wasichana wa Guinea-Bissau zilisambazwa duniani kana kwamba ni wale waliotekwa Nigeria.

Kilichotuuma zaidi ni watu wawili walioahidi mchango. Waliuliza: kama picha ni ya uongo, vita navyo je? Mocímboa da Praia ilishambuliwa tarehe 5 Oktoba 2017. Kituo chetu cha umeme kiliharibiwa 2020. Majeshi ya Msumbiji na Rwanda yaliikomboa Awasse 2021. Haya hayakubuniwa na mtu, lakini sisi ndio tuliowapa watu sababu ya kuyatilia shaka. Aya ya 6 ya Suratul Hujuraat, ya kuhakiki habari, tunawafundisha watoto kila mwaka. Hatukudhani inagusa na picha.

Tumeiondoa, na kila aliyechanga tumemwandikia. Anayetaka fedha zake atarudishiwa. Sasa tumeweka picha ya simu: kuta mbili, imekaa upande, na mbuzi anapita. Bibi ameikagua. Amesema mbuzi ni wake.