Naishi Mombasa

Hii ni habari iliyonipata kwa ajili ya neno moja nililoliandika katika simu.

Mwezi wa Desemba 2023, baada ya mtihani wetu wa kidato cha nne, mjomba alinichukua katika lori lake kwenda Mombasa kupakia shehena bandarini. Mimi ni mzaliwa wa Tororo, na kabla ya hapo sikupata kuvuka mpaka wa Malaba. Basi tukapita Eldoret, na Timboroa kwenye baridi kali, Nakuru, Nairobi, Mtito Andei, Voi, hata siku ya tatu nikaiona bahari. Tulikaa siku nne. Niliingia Fort Jesus, ile ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Lakini kwa kweli kilichoniteka moyo ni feri ya Likoni. Mwenda kwa miguu halipi kitu, nami nilivuka nikarudi mara sita kwa siku moja, mpaka mjomba akaniuliza kama nimeajiriwa humo.

Katika simu aliyonipa mjomba niliwasha ile sehemu ya kuonyesha mahali. Simu husikiliza setilaiti zilizo juu yetu kadiri ya kilomita 20,000, ikapiga hesabu ipo wapi, na kila picha ikahifadhi hesabu hiyo ndani yake. Hapo hapakuwa na uongo. Lakini usiku wa mwisho nilifungua Facebook, penye swali la mahali unapoishi, nikaandika kwa mkono wangu: Mombasa. Ulikuwa mzaha tu.

Tuliporudi nyumbani sikulifuta neno lile. Kwanza nilisahau, kisha nikaona uchungu kulifuta. Jioni nilizifungua zile picha, kila moja na ramani yake ndogo, nikaweka kidole juu ya Likoni, nikasikia kama harufu ya chumvi. (Facebook ilikuwa imefungwa nchini kwetu tangu Januari 2021, nasi vijana tuliingia kwa njia ya kuzunguka iitwayo VPN. Basi siku moja mtandao ulidhani niko Uholanzi, Facebook ikasema naishi Mombasa, na mimi nilikuwa Tororo nachunga mbuzi wa nyanya!)

Machi 2024 nikarudi kuanza kidato cha tano. Kama mjuavyo, simu hapa ni marufuku. Nikaiacha kwa mama, imezimwa.

Likizo ya Mei nikaiwasha, nikakuta ujumbe tisa kutoka kwa rafiki yangu mmoja, jina lake nalificha. Tulisoma pamoja shule ya msingi, akaacha masomo kwa kukosa karo, tukapotezana. Katika ujumbe wa kwanza alisema ameona naishi Mombasa, anamshukuru Mungu, kwani anakwenda huko kutafuta kazi na hana mtu. Wa tatu: amefika, ananingoja Likoni penye feri, maana picha zangu zote ni za hapo. Wa tano: ni siku ya pili, fedha zimekwisha, amelala nje karibu na mlinzi. Wa nane: "Kama hutaki kuniona, ungeniambia tu." Wa tisa haukuwa na maneno, ila alama ya kuuliza.

Nikaketi chini. Mama akauliza kama kuna msiba. Nilianza kumwandikia rafiki yangu jinsi nilivyoipenda bahari. Nikaona aibu, maana nilikuwa namwambia hayo mtu aliyelala nje kando yake. Nikafuta yote, nikaandika: "Nipo Tororo. Siku zote nilikuwa Tororo. Nisamehe."

Alijibu baada ya siku kumi na moja. Alikuwa amepata kazi ya kubeba saruji. Mama mmoja mwuza viazi karai alimlisha siku mbili bila kumjua. Juu yangu mimi hakusema neno.

Facebook nikaandika Tororo. Picha sikuzifuta.

Sasa mjomba anasema kwamba Desemba atashuka tena Mombasa, na nafasi yangu ipo. Nilipokuwa nyumbani likizo iliyopita nilimwuliza rafiki yangu nitamkuta wapi. Akajibu siku ile ile: "Wewe njoo. Ukifika Likoni, keti uningoje."